Siti binti Saad: Binti wa wafinyanzi aliyewaimbia wenye nchi na wasio na chao

Na Mwandishi Wetu

KILA anapofariki dunia mwanamuziki mkubwa hapa nchini, utaratibu wa maombolezo huwa ni ule ule. Redio hukatisha vipindi vyake na kurejea nyimbo zake za zamani, viongozi hutuma salamu za rambirambi, wanamuziki wenzake husimulia walivyokutana naye, na makaburini hufurika watu ambao wengi wao hawakupata kumwona ana kwa ana. Ndivyo ilivyokuwa kwa Bi. Kidude mwezi Aprili 2013, kwa Muhidin Gurumo mwezi Aprili 2014, kwa Shaaban Dede mwaka 2017 na kwa King Kikii mwezi Novemba 2024. Baada ya wiki moja au mbili kelele hupungua, na nyimbo zinarudi kabatini hadi msiba mwingine.

Swali ambalo halijibiwi upesi ni kwa nini baadhi ya marehemu hao hupotea kabisa katika midomo ya watu, na wengine wakaendelea kutajwa hata na wajukuu wa waliowazika. Katika historia ya muziki wa Kiswahili hakuna mfano ulio bora zaidi kwa swali hilo kuliko wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyefariki dunia Julai 8, 1950. Zaidi ya miaka 70 imepita. Waliomsikia kwa masikio yao wamekwisha, lakini jina lake bado li hai.

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, mnamo mwaka 1880. Baba yake, Mzee Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, katika Tabora. Mama yake alikuwa wa asili ya Uzigua, katika Tanga. Wote wawili walizaliwa Unguja, na wote wawili walikuwa watu wa chini kabisa katika ngazi za jamii ya wakati ule, yaani watu wa ukoo wa watumwa. Kwa hiyo msomaji wa bara, awe wa Tabora, Shinyanga au huko Mkula mkoani Simiyu, asimwone mama huyu kuwa mgeni wa visiwani. Damu ya baba yake ilitoka upande huo huo wa nchi, ikachukuliwa pwani kwa njia ambayo maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma walipitishwa katika karne ya 19, wengine wakiwa wapagazi wa misafara na wengine wakiwa mali ya watu.

Jina alilopewa alipozaliwa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuwapa watoto majina yaliyobeba hali ya nyumba au ya siku waliyozaliwa, na jina hilo lilisema wazi hali ya nyumba ya Mzee Saad ilivyokuwa. Serikali ya Zanzibar ilitangaza kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, binti huyo akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Hata hivyo tangazo lile halikumweka mtu huru kwa siku moja. Mtumwa aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende mahakamani kuuomba, na aliyeupata alirudi mtaani bila shamba, bila nyumba, na mara nyingi akabaki akifanya kazi ile ile katika ardhi ya bwana yule yule.

Wazazi wake walikuwa wakulima na wafinyanzi. Vyungu na mitungi ya Fumba ilibebwa kichwani hadi mjini, ikatembezwa mitaani kwa kunadiwa. Binti Saad alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, kisha akawa ndiye mchuuzi. Wanaosimulia maisha yake husema kwamba sauti yake ilijulikana hapo kwanza: akinadi vyungu, wenye nyumba walimsikia angali mbali, naye hakuonekana kuchoka wala pumzi kumwishia. Huenda simulizi hilo limeongezwa chumvi, kama yanavyoongezwa chumvi mambo mengi ya watu mashuhuri. Lakini yeyote aliyewahi kumsikia mchuuzi hodari akipita uchochoroni saa za asubuhi anajua kwamba kunadi nako ni uimbaji wa namna yake.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Hakwenda kuishi Mji Mkongwe penye majumba ya mawe, bali Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikokaa wachukuzi, wavuvi, mafundi, vibarua wa bandarini na watumwa wa jana. Hakuwa amesoma chuoni wala shuleni. Kusoma na kuandika hakujui. Alichokuwa nacho ni sauti, na sikio lililoshika jambo likisemwa mara moja.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa mjini Zanzibar mwaka 1905. Bwana huyo alimsikia, akamchukua kumfundisha kuimba na kupiga ala, kisha akamkutanisha na wanamuziki wengine. Kundi lililoundwa kumzunguka Siti lilikuwa na watu ambao majina yao yanastahili kutajwa pamoja na lake: Subeit bin Ambari mpigaji wa udi, Buda bin Swedi wa fidla, Mbaruk Effandi Talsam aliyetoka Mombasa, na Maalim Shaaban, mwimbaji ambaye mara nyingi alipokezana naye beti. Ni kosa la mara kwa mara kumsimulia Siti kana kwamba alisimama peke yake. Taarab ni kazi ya watu wengi, na mtunzi wa beti, mpiga ala na mwimbaji si lazima wawe mtu mmoja.

Ili kuelewa ukubwa wa jambo alilolifanya, inafaa kukumbuka taarab ilikuwa kitu gani kabla yake. Muziki huo uliingia Zanzibar kupitia kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, anatajwa kuwa ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza ala na uimbaji wa huko, akarudi kuburudisha kasri. Waimbaji walikuwa wanaume, nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na wasikilizaji walikuwa jamaa wa Sultani na wakubwa wa mji. Mtu wa Ng'ambo aliweza kusimama nje ya ukuta akausikia udi, lakini maneno hayakuwa yake. Siti naye alipoanza aliimba Kiarabu, kwa kukariri, na wapo waliomsifu kwa matamshi yake. Ndipo yeye na wenzake wakaigeuza kazi ile, wakaiimba kwa Kiswahili, lugha ya sokoni na ya jikoni, mbele ya wale wale waliozoea kukisikia Kiswahili kwa wapishi wao tu.

Inaelezwa kwamba katika siku hizo ndipo mmoja wa wakubwa wa Kiarabu waliovutiwa naye alipompa jina la Siti, neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti ni safari ambayo wengi wa kizazi chake waliitamani. Zanzibar ya miaka ya 1910 na 1920 ilijaa watu waliokuwa wakibadili majina, wakivua kaniki na kuvaa kanga, buibui, kanzu na kofia, wakijitafutia utu ambao sheria ya 1897 haikuwapa. Siti hakuwa wa kwanza kubadili jina. Tofauti yake ni kwamba yeye alilibadili mbele ya watu wote, na watu hawakukosa la kusema.

Walisema sana. Washindani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka: kwamba juzi tu alikuwa amevaa kaniki chafu, amebeba vyungu kichwani, leo anajiita bibi. Wengine wakamshambulia kwa sura, kwamba hakuwa mzuri wa uso. Hizo zilikuwa kejeli nzito katika mji ambao ukoo na sura vilikuwa mtaji wa mwanamke. Siti alijibu kwa njia aliyoijua, yaani kwa wimbo. Jibu lake halikukana vyungu wala halikubishana juu ya sura. Lilisema, kwa maneno ya fumbo, kwamba uzuri wa sura si hoja iwapo mtu ana akili na mwenendo wake ni mwema. Wapo wanaouona wimbo huo kuwa ndiyo asili ya mipasho inayosikika katika taarab ya leo. Mwandishi wa makala haya haafiki sana, kwa kuwa mipasho mingi ya sasa humlenga jirani, ilhali Siti alilenga desturi ya mji mzima ya kumpima mtu kwa ukoo wake.

Wasukuma na Wanyamwezi wataitambua desturi hiyo ya kushindana kwa maneno bila kufafanuliwa sana. Huko Usukumani, baada ya mavuno, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimekuwa vikikabiliana uwanjani tangu zamani, kila upande na manju wake, na manju asiyejua kujibu kejeli za mwenzake hupoteza wachezaji wakahamia upande wa pili. Sijui kama binti Saad alipata kuambiwa na baba yake lolote juu ya ngoma za huko, na wala si lazima. Lakini aliyekulia Bariadi akisoma kisa cha kaniki na vyungu ataona ni mchezo anaoufahamu, uliochezwa kwa udi na fidla badala ya ngoma na njuga.

Kisha ikaja safari ya Bombay. Mwezi Machi 1928, Siti na kundi lake walivuka bahari hadi India kurekodi santuri kwa kampuni ya gramafoni iliyotumia lebo ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa akisikiliza pembe. Mawakala wa kampuni waliona kuna soko Afrika Mashariki ambalo halijaguswa: watu walikuwa na gramafoni, lakini santuri zilizokuwapo zilikuwa za Kiarabu, za Kihindi na za Kizungu. Kwa safari hiyo Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi nyimbo kwa ajili ya kuuzwa. Mwanamke aliyepewa jina la Mtumwa, akikaribia umri wa miaka 50, akapanda meli kwenda nchi ya ng'ambo kwa ajili ya sauti yake.

Kazi ya kurekodi haikuwa nyepesi. Santuri ya siku hizo ilikuwa sahani nyeusi, nzito, inayozunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo wa taarab ukiimbwa barazani haukupimwa kwa saa. Ubeti ulirudiwa kadiri watu walivyotuza, na mpiga udi aliingiza mapambo yake alivyopenda. Kule Bombay wimbo ulikatwa ukaingia katika dakika zile tatu, na aliyekosea alianza upya. Hata hivyo walirudi na kazi kubwa. Katika safari hiyo na zilizofuata, Siti na wenzake walirekodi nyimbo zaidi ya mia moja. Kampuni ya Columbia nayo iliingia katika biashara hiyo, ikifuata njia aliyoifungua yeye.

Santuri hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na hazikubaki Unguja. Zilipigwa Mombasa na Lamu, Tanga na Dar es Salaam, zikafuata reli hadi bara, zikavuka hadi Uganda na Kongo, na zikapanda majahazi hadi Uarabuni. Wengi hawakuwa na gramafoni zao. Palikuwa na migahawa iliyowekewa chombo hicho, na mteja alinunua kikombe cha kahawa akakaa hadi usiku. Katika kipindi ambacho hapakuwa na redio ya Kiswahili, ni sauti ya mwanamke huyo iliyowafanya watu wa miji mbalimbali wasikie Kiswahili kimoja kikiimbwa kwa ufasaha. Wanaozungumzia jinsi Kiswahili kilivyoenea huwataja wamisionari, Wajerumani na kamati ya lugha ya Waingereza. Santuri za Siti hazitajwi, nami naona ni upungufu.

Mwaka huo huo wa 1928, Ng'ambo ilikuwa katika msukosuko. Wakazi waligoma kulipa kodi ya viwanja ambavyo nyumba zao zilisimama juu yake, kodi iliyokuwa ikidaiwa na wenye ardhi ambao baadhi yao ndio waliokuwa wakimiliki wazazi wao. Mgomo ulikuwa mkubwa na uliishughulisha serikali. Huo ndio mtaa alioishi Siti na ndio watu waliojazana nyumbani kwake jioni, kazi ikiisha, kusikiliza nyimbo na kuzungumza habari za siku. Kilichotokea mahakamani asubuhi kilijadiliwa barazani usiku, na kabla ya juma kwisha kilikuwa wimbo.

Wimbo unaojulikana kuliko yote wa namna hiyo ni ule wa Kijiti. Kisa chenyewe kilikuwa cha kweli. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam akiwa mjamzito, akaja Unguja kutembea. Wenyeji wake wa kike walitoka naye usiku kwenda katika starehe, wakiwa pamoja na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Usiku ule Kijiti alimdhulumu mwanamke yule kimwili, kisha akamuua, akatoroka kuelekea bara. Wanawake wenyeji ndio waliokwenda kutoa habari na kusimama mbele ya hakimu. Muuaji hakupatikana. Sheria iliishia kuwashika wale wanawake, kwa hoja kwamba wao ndio waliohusika na pombe iliyonywewa usiku ule, nao wakaadhibiwa.

Siti aliuimba mkasa huo bila kuuzungusha. Alimtaja mwuaji kwa jina, akamlilia marehemu na kiumbe aliyekuwa tumboni mwake, na akaacha kila msikilizaji ajiulize ni haki ya aina gani inayomwachia muuaji na kumfunga shahidi. Hakuwa na gazeti wala kiti katika baraza la kutunga sheria. Mwanamke wa Ng'ambo asiyejua kusoma angeyapata wapi? Lakini hukumu ya mahakama ilibaki katika majalada, na wimbo ulikwenda katika kila mgahawa. Kijiti hakukamatwa na polisi. Jina lake ndilo lililokamatwa.

Zilikuwapo nyingine za namna hiyo, juu ya wenye mali waliowadhulumu maskini, juu ya wakubwa walioonekana mahakamani na wadogo walioonewa humo. Zilikuwapo pia, na kwa wingi zaidi, nyimbo za mapenzi, za kusifu na za harusi, maana mwimbaji hawezi kuishi kwa kesi peke yake. Siti alialikwa kuimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, akaimba katika harusi za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, kisha akarudi Ng'ambo kuimba kwa majirani zake. Wapo wanaoliona hilo kuwa ukinzani: vipi mtu aseme na wanyonge usiku huu, na kesho ale katika sinia la wenye nchi? Lakini huko ndiko chakula kilikokuwa, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuzificha nyimbo zake za mahakamani ili asiwaudhi wenye sinia. Zilirekodiwa, zikauzwa madukani, na wao wenyewe walizinunua.

Miaka ya neema ya santuri haikuwa mirefu. Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 ulifika visiwani kwa kuanguka kwa bei ya karafuu, mifuko ya wanunuzi ikakauka, na kampuni zikapunguza safari zake. Vita Kuu ya Pili ikafuata. Wakati huo huo, mbegu aliyoipanda ilikuwa imeota. Katika mitaa ya Ng'ambo wanawake waliunda vikundi vyao vya taarab na kushindana kwa mavazi, nyimbo na mafumbo, baadhi yao wakijipa majina ya majeshi ya Kiingereza, ya anga na ya majini. Jambo ambalo mwaka 1911 lilikuwa la ajabu, yaani mwanamke kuimba taarab hadharani, sasa likawa la kawaida kiasi kwamba wasichana wadogo walidhani limekuwapo siku zote.

Siti alizeeka mjini. Alipokaribia mwisho wa maisha yake alitembelewa na mtu ambaye kuja kwake kuliamua mengi kuhusu jinsi tunavyomfahamu hivi leo. Mtu huyo alikuwa Shaaban Robert, mshairi na mwandishi aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Alizungumza naye, akasikiliza habari za Fumba, za vyungu, za Bombay na za washindani, kisha akaandika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Hapo kabla, wasifu ulikuwa wa masultani, mashehe na mashujaa wa vita. Mwandishi aliyekuwa mkubwa kuliko wote katika lugha hii akaona kwamba mwimbaji mwanamke, binti wa wafinyanzi, naye anastahili kitabu kizima. Vizazi vya wanafunzi vimekisoma shuleni.

Kitabu hicho kina mapungufu yake. Shaaban Robert alikuwa mtu wa maadili, na alipenda wahusika wake watoke katika kurasa wakiwa wamenyooka. Siti wa kitabuni ni mstahamilivu na mwenye busara kila ukurasa, na yule mwanamke mkali aliyemwimba Kijiti hapewi nafasi kubwa kadiri ambavyo mtu angependa. Watafiti waliokuja baadaye, waliozungumza na wazee wa Ng'ambo na kuzisikiliza santuri zenyewe, ndio waliorudisha upande huo wa maisha yake. Lakini ni bahati ilioje kwamba aliwahi! Angechelewa miezi michache tu, angebaki kukusanya habari za watu wa pili na wa tatu. Siti alifariki dunia Julai 8 mwaka ule ule wa 1950, akiwa na umri wa miaka 70 hivi.

Hapo ndipo linapotokea jibu la swali lililoulizwa mwanzoni, na si jibu la kufurahisha. Siti hakukumbukwa kwa sababu alikuwa bora kuliko wote. Huenda alikuwa bora. Huenda walikuwapo wengine Lamu, Mombasa, Tanga au huko Usukumani waliomzidi sauti na utunzi. Manju wangapi wa Bagika na Bagalu waliozikwa na nyimbo zao katika miaka ile ile ya 1920 na 1930, bila santuri wala Shaaban Robert wao? Siti alikumbukwa kwa sababu mashine ilimfikia akiwa na nguvu, na kalamu ilimfikia akiwa na pumzi. Marehemu wengi tunaowalilia redioni hukosa kimojawapo, na wengine hukosa vyote viwili.

Na hata kwa Siti mwenyewe, kilichobaki ni kidogo kuliko kilichotengenezwa. Santuri za siku zile zilivunjika kama vigae zikianguka. Nyingine zilichakaa kwa sindano, nyingine zikatupwa gramafoni zilipokwisha kazi. Anayetaka kuisikia sauti yake kwa wingi leo atapata sehemu kubwa katika hifadhi za huko Uingereza, na baadhi ya nyimbo za enzi ile zilitolewa upya mjini London mwaka 2007 kutoka katika hazina ya maktaba ya taifa ya nchi hiyo. Mtoto wa Fumba anayetaka kumsikia bibi wa kijiji chake amtafute katika intaneti, katika vipande vyenye mikwaruzo ambavyo havielezi ni nani anayepiga udi.

Jina lake, hata hivyo, limepewa kazi nyingi. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotaka jina la jarida lake mwaka 1988 kiliita Sauti ya Siti. Hapakuhitajika maelezo marefu. Waandishi wale walijua kwamba habari ya mwanamke aliyeuawa na mashahidi waliofungwa ilikuwa imeandikwa, kwa namna yake, miaka 60 kabla yao. Kitukuu chake, Siti Muharam, amefuata nyayo, na mwaka 2020 ilitoka albamu yake ya taarab iliyorejea nyimbo za zamani za Unguja.

Lakini aliyeibeba sauti hiyo kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa Fatuma binti Baraka, yule tuliyemwita Bi. Kidude. Naye alitoka katika umaskini wa mashambani, naye alijifunza kwa kusikia, na mwenyewe alisimulia jinsi utotoni alivyomfuata Siti na kundi lake ili azishike nyimbo. Alizipeleka katika majukwaa ya Ulaya na ya Asia, bila buibui, sigara ikiwa mkononi, jambo ambalo Siti asingelifanya. Miongoni mwa nyimbo alizoziimba hadi uzeeni ni ule wa Kijiti. Alipofariki dunia Aprili 17, 2013, Rais wa Jamhuri na Rais wa Zanzibar walikuwapo katika mazishi yake, na redio zilipiga nyimbo zake mchana kutwa. Katika kumlilia yeye, mgeni yule aliyetoka Dar es Salaam na mimba yake naye alililiwa tena, zaidi ya miaka 80 baada ya mahakama kulifunga jalada lake.